Kisu Kilichobaki Mezani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama kuna mtu amelala chumba cha pili, punguzeni sauti kidogo, lakini msizime. Leo tunamkumbuka Mzee Laban Mukhwana wa mtaa wa Huruma, Nairobi, ghorofa ya tano, mlango wa mwisho kushoto.

Nitaanza na jirani yake, Raho, kwa sababu Raho ndiye aliyesikia.

Raho hupika anjera za kuuza, zile chapati laini za Kisomali. Huamka alfajiri, huwasha jiko, huchanganya unga wake. Chumba chake na chumba cha Mzee Laban vinagawana ukuta mmoja. Kuta za nyumba zile, wasikilizaji wapendwa, zimejengwa kwa ajili ya heshima tu. Mwenzako akipiga chafya, unamwambia pole ukiwa kwako.

Kila siku, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Raho alikuwa akisikia sauti tatu kutoka upande wa pili. Ya kwanza, tak. Hapo kisu cha kukunja kinafunguliwa. Ya pili, tak, nzito zaidi. Hapo kisu kinafungwa. Halafu kidole kinagonga meza mara mbili, ko, ko. Raho akisikia kidole, anafunua kifuniko cha anjera ya kwanza. Imeiva. Miaka minne hakuhitaji saa.

Jumanne, wiki tatu zilizopita, alisikia sauti ya kwanza. Tak. Akangoja ya pili.

Anjera ikaungua.

"Nilisema labda kisu kimekwama," Raho aliniambia. "Nikasema labda Baba Nasambu ameshikwa na kikohozi, atamaliza. Nikangoja. Yule mzee hakuwa mtu wa kufungua kisu akakiacha wazi."

Raho alitoka na mwiko mkononi. Akainama juu ya chuma cha ngazi, akaita chini. Nasambu, binti ya mzee, alikuwa chini kabisa, kwenye foleni ya maji, ambayo siku hiyo ilikuwa imemchelewesha. Maji katika jengo lile hutoka asubuhi tu, na hayapandi juu. Aliacha mitungi yake miwili hapo hapo. Alipanda ngazi sabini na nane. Nimezihesabu mwenyewe.

Mzee Laban alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kichwa kimeegemea fremu. Kisu kilikuwa wazi juu ya magoti yake, na mkono wa kushoto ulikuwa juu ya mpini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Laban Mukhwana alizaliwa huko Kimilili. Alikuja Nairobi akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, akapata kazi Industrial Area, kwenye kiwanda kidogo kilichotengeneza visu vya mfukoni. Kiwanda hicho hakipo tena. Hata jina limepakwa rangi juu yake.

Kilitengeneza aina nne za visu, na wafanyakazi wenyewe ndio waliozipa majina. Kulikuwa na Mkulima, bapa moja pana, mpini wa mvule. Kulikuwa na Guu la Kondoo, ambacho ncha yake imeinamishwa ili isimchome mnyama unapomkata kwato. Kulikuwa na Msafiri, mabapa matatu katika mpini mmoja. Na cha nne kiliitwa Ulimi. Ulimi ni kisu cha kupandikizia miti. Upande mmoja kina bapa dogo lililonyooka, kali kama wembe. Upande wa pili kina kipande chembamba cha shaba kama ulimi wa mbuzi. Hicho ndicho cha kuinulia gome la mti bila kuliumiza, ili kikonyo, kile kijitawi cha mti mwingine, kiingie. Visu vya Ulimi vilikuwa vichache. Vilitengenezwa kwa msimu mmoja tu, kwa wakulima wa matunda walioviagiza.

Kazi ya Laban ilikuwa kusikiliza. Ndiyo, kusikiliza. Alikaa mwisho wa meza ndefu. Kila kisu kilimfikia kikiwa kimeunganishwa, kimebaki kunolewa. Alikifungua mara moja, akakifunga mara moja, akatega sikio. Springi ikiwa legevu, sauti huwa pana. Springi ikiwa kali mno, sauti hulia kama kitu kimevunjika, na kisu hicho kitamkata mtu kidole siku moja. Kikiwa sawa, sauti ni fupi na imefungika. Laban alisikiliza visu kwa miaka ishirini na miwili.

Kando yake, kwenye meza ya kunolea, alikaa Kabiru. Mkumbukeni Kabiru, tutarudi kwake.

Kulikuwa na sheria moja kwenye meza ile. Kisu hakipewi mtu mkononi. Mikono miwili ikishika kisu kimoja, mmoja ataondoka na damu. Kwa hivyo Laban akishamaliza kusikiliza, alikiweka kisu mbele ya Kabiru, upande wa Kabiru wa meza, akagonga mara mbili kwa kidole. Ko, ko. Maana yake, nimemaliza nacho, sasa ni chako. Kabiru asipokichukua, kisu bado ni cha Laban. Kikipotea, Laban ndiye wa kuulizwa. Kikianguka, ni juu ya Laban. Mpaka mwenzako akiokote.

Kisha vikaja visu vya mpini wa plastiki. Masanduku kwa masanduku. Bei yake ilikuwa chini kuliko bei ya mbao za mpini wa Mkulima peke yake. Kiwanda kikajikaza miaka miwili, kikafunga. Kabiru alienda soko la Gikomba, karibu na maseremala, akafunga gurudumu la kunolea la kukanyaga kwa mguu. Laban akamfuata. Mmoja ananoa, mwingine anakaza springi na kubadilisha mipini. Wakaendelea kukaa vilevile walivyokaa kiwandani, Laban kushoto, Kabiru kulia.

Nilimkuta Kabiru pale pale wiki jana. Ana miaka sabini na mitatu. Nilimuuliza juu ya visu vya siku hizi. Alichukua kimoja kutoka kwa mteja, cha rangi ya kijani kibichi, akakifungua karibu na sikio langu.

"Umesikia nini?"

Nilisema sijasikia kitu.

"Ndiyo hivyo. Ni kama kufungua soda iliyoisha gesi. Mukhwana akiletewa hiki, alikuwa anakirudisha kwa mwenyewe na kumpa pole, kama mtu amefiwa."

Ni pale Gikomba ndipo Laban alipoanza kukusanya. Hakuanza kwa kupanga. Kulikuwa na kijana muuza makoti ya mitumba, anaitwa Munyao. Munyao akifungua bunda, hupekua mifuko ya makoti. Wazee wa ng'ambo hufa na vitu mifukoni. Tiketi, kitufe, leso. Na mara moja moja, kisu cha kukunja. Munyao akikipata, alikuwa akipiga kelele kutoka kibandani kwake hadi kwa maseremala.

"Niaje mzae. Leo koti imezaa."

"Imezaa mvulana ama msichana?" Laban anauliza bila kuinua kichwa.

"Kuja uone mwenyewe. Iko na kutu lakini inapumua."

Laban alikuwa akikipokea kisu kile cha kigeni, akakipaka mafuta, akakitoa kutu kwa majivu na kitambaa. Akakisikiliza. Lakini alivyokuwa akivitafuta hasa vilikuwa vile vyake. Kila kisu kilichopita mkononi mwake kule kiwandani alikitia alama, kinukta kimoja karibu na shina la bapa. Mtoto wa mkulima akileta kisu cha marehemu baba yake kinolewe, Kabiru hutazama kwanza nukta. Ikiwepo, humwita mwenzake. Wanakubaliana na mwenye kisu. Laban humpa kisu kizuri cha jikoni, yeye anabaki na cha zamani.

Siku moja askari wawili wa doria walimsimamisha jioni akienda nyumbani. Mnajua Eastlands, mtu akikutwa na kisu mfukoni anaulizwa maswali. Laban alikuwa na visu saba ndani ya koti moja.

"Mzee, saba za nini?"

"Moja ni ya Jumatatu," alisema Laban, "halafu zinaendelea."

Askari mmoja hakucheka. Yule wa pili alichukua kisu kimoja, Guu la Kondoo, akakigeuza chini ya taa ya duka. Akasema baba yake alikuwa na kama hicho, alikuwa akikikatia kwato za kondoo huko kwao. Waliachana hapo hapo. Laban alifika nyumbani na visu sita. Alimwambia mkewe kuwa kimoja kimerudi kwa mwenyewe.

Mkewe aliitwa Millicent. Alifariki binti yao akiwa darasa la saba. Binti huyo ndiye Nasambu, mtoto wao wa pekee. Laban alimlea peke yake katika chumba kile cha ghorofa ya tano, na visu vikakaa ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati. Kufikia mwisho vilikuwa arobaini na kimoja.

Nasambu alisoma kilimo cha bustani chuoni. Alifanya mafunzo yake ya kazi Kitale, kwenye kitalu cha miche ya avokado cha mwanamke anayeitwa Waringa. Pale ndipo alipojifunza kupandikiza. Waringa ananiambia kwamba katika wanafunzi kumi, tisa hukata. Nasambu, anasema, alikuwa haukati mti, alikuwa anaufungua.

Miaka minne iliyopita, mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Waringa alimwandikia Nasambu barua ya kumpa kazi. Na mama mmoja alikuja kwa Kabiru na kisu cha marehemu babake, alichokuwa akifungulia mikebe ya rangi. Kabiru alipanguza rangi. Chini yake kulikuwa na ulimi wa shaba. Kulikuwa na nukta.

Laban alikuwa amekitafuta kisu hicho miaka kumi na mmoja. Alikaa na kukiangalia, hakufanya kazi nyingine siku hiyo. Jioni alimwambia Kabiru, "Hiki si cha mkebe. Hiki ni cha yule msichana. Atakwenda nacho Kitale."

Siku tisa baadaye, kabla hajampa, kiharusi kilimpiga akiwa anapanda ngazi.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nataka twende polepole.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na mguu wa kulia. Kilichukua pia maneno. Yalibaki machache sana. Maji. Nasa, yaani Nasambu. Hapana. Mengine yalikwama. Raho anasema ungemwona akilitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, halafu anaacha, anatikisa kichwa, anatazama dirishani. Na dirisha lile linatazama ukuta wa jengo la pili. Ukinyoosha mkono unaugusa. Katika miaka minne Mzee Laban alishuka chini mara tatu, kila mara akiwa amebebwa na vijana wanne ndani ya blanketi. Halafu akakataa kubebwa tena.

Nasambu aliiweka barua ya Waringa ndani ya Biblia. Alimpigia simu, akasema, "Nitakuja mwezi ujao." Mwezi ujao akasema hivyo tena. Halafu simu zikapungua.

Alimwosha baba yake. Alimlisha. Alipanda na mitungi. Mchana alishona mifuko ya kubebea bidhaa za maduka ya Eastleigh, kwa sababu ni kazi unayoweza kuifanya ukiwa umekaa chumbani. Watu walimsifu sana. Kanisani walimsimamisha mbele. Shangazi yake, Khalayi, dada ya Mzee Laban, ambaye Nasambu humwita senge, alimpigia simu kila Jumapili kutoka Kimilili.

"Nasambu mwanangu, uko aje?"

"Niko sawa, senge."

"Mungu akuweke. Wasichana wa siku hizi wanakimbia. Wewe umekaa."

"Niko sawa, senge."

Nilimuuliza Nasambu kama sifa zile zilimpa nguvu. Akasema, "Sifa nayo ni kufuli. Ukishasifiwa kwa kukaa, utatokea mlango gani?"

Na kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, baba yake alichukua kisu kimoja kutoka kwenye mkebe ambao Nasambu alimteremshia kila alfajiri. Kilekile. Ulimi. Alikibana kati ya magoti, akakifungua kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Tak. Akakifunga kwa kukisukuma kwenye paja. Tak. Akakiweka mezani, mbele ya kigoda cha Nasambu. Akagonga mara mbili. Halafu akamtazama.

Nasambu alijua baba yake anapenda visu. Alijua hiki ni adimu. Aliona chuma hicho ni cha aina ya kushika kutu kisipotunzwa. Basi alifikiri anajua anachoombwa. Alikichukua kwa kitambaa, akakipaka tone la mafuta, akakirudisha ndani ya mkebe juu ya kabati. Akasema, "Tayari, Baba." Akaenda kuchemsha uji.

Kila asubuhi, kwa miaka minne.

"Alikuwa akikasirika?" nilimuuliza.

"Hapana. Alikuwa akifumba macho kidogo. Nilidhani ameridhika."

Matanga yalifanyika Huruma siku mbili kabla ya kusafirisha mwili. Senge Khalayi alikuja na basi la usiku. Munyao alikuja na viti vya plastiki alivyoazima sokoni. Na Kabiru, ambaye magoti yake yalikuwa yamemzuia kupanda ngazi zile miaka yote minne, alipanda. Raho anasema alitumia karibu nusu saa. Kila ghorofa alipumzika, akamtania Munyao aliyekuwa nyuma yake.

"Unanishika kiuno kama nyanya yako. Nyanya yako alikuwa mzuri hivi?"

"Mzae, ukianguka mimi ndio godoro. Endelea kupanda."

Alipofika, alikaa kwenye kiti cha Laban bila kuuliza. Watu walikuwa wakisimulia. Nasambu naye akasimulia habari ya asubuhi za baba yake, jinsi alivyofungua kisu, akakifunga, akakiweka mbele yake, akagonga mara mbili. Alisimulia kwa tabasamu, kama unavyosimulia kitu kizuri cha marehemu.

Kabiru alikuwa amekwisha kuacha kunywa chai.

"Aligonga mara mbili?"

"Ndiyo, guka," alisema, akimwita babu kwa Kikuyu. "Kila siku."

"Upande wako wa meza?"

"Mbele yangu."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilikipaka mafuta nikakirudisha ndani ya mkebe."

Kabiru aliivua kofia yake, akaiweka usoni. Munyao alidhani mzee ameshikwa na usingizi. Alipoiondoa, alimweleza Nasambu sheria ya ile meza ya kiwandani, kama nilivyowaeleza ninyi. Akamwambia maneno ya Laban siku kisu kilipopatikana. Atakwenda nacho Kitale.

"Mimi nilidhani amekwisha kukupa," alisema Kabiru. "Nilidhani umekataa kwenda. Nikasema moyoni, huyu msichana ana moyo. Na yeye alikuwa hapa juu anakwambia nenda, na mimi niko kule chini na magoti yangu."

Nasambu aliniambia kwamba kilichomjia wakati ule hakikuwa machozi. Ilikuwa hesabu. Asubuhi ngapi? Na kila asubuhi alikuwa amemrudishia baba yake mzigo wake.

Kabiru aliomba kisu. Kilikuwa kwenye dirisha, bado kiko wazi, hakuna aliyethubutu kukifunga. Alikifunga. Tak. Raho, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, aliinamisha kichwa. Alikuwa ameingoja sauti hiyo tangu Jumanne.

Kabiru akakiweka mezani mbele ya Nasambu. Akagonga mara mbili. Ko, ko.

"Kwa niaba ya mwenzangu," alisema.

Watu wote walimtazama Nasambu. Na senge Khalayi akasema, kwa upole, "Kabiru, usimvuruge mtoto. Mwezi wa tisa wajukuu zangu wawili wanaingia chuo hapa Nairobi. Nyumba ya kaka yangu haiwezi kufungwa. Nani atakaa nao? Si ni Nasambu. Ama sivyo, mwanangu?"

Nisimlaumu senge. Senge naye amefiwa na kaka. Na kwa miaka minne aliuliza, na kwa miaka minne alijibiwa jibu moja.

Nasambu alijibu, "Ni sawa, senge."

Hakukigusa kisu.

Walimzika Mzee Laban Jumamosi, Kimilili, karibu na Millicent. Nasambu alirudi Huruma Jumatatu. Kisu kilikuwa bado mezani. Alikula akiwa amesogeza sahani pembeni yake. Alipangusa meza akikizunguka. Alishona mifuko, mashine ikitikisa meza, na kisu kikitetemeka kidogo mahali pake. Waringa alimtumia ujumbe wa pole, na chini yake akaongeza kwamba msimu wa kupandikiza unaanza wiki ya kwanza ya mwezi. Nasambu aliusoma, akaizima simu.

"Nilikuwa nadhani ugonjwa wa Baba ndio umenifunga," aliniambia. "Baba akaenda. Nikajikuta niko palepale. Ngazi ni zilezile, foleni ya maji ni ileile, ukuta wa dirishani ni uleule. Nikajua kufuli si Baba."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole zetu kwa Nasambu, kwa senge Khalayi na ukoo wote wa Mukhwana kule Kimilili. Pole kwa Mzee Kabiru, ambaye alikaa kulia kwa Laban kwa zaidi ya miaka arobaini, na upande wake wa kushoto tangu kiharusi kuna kiti kitupu anachokataa kukihamisha. Pole kwa Munyao, aliyeniambia kwamba juzi koti lilizaa, na hata baada ya miaka minne alikuwa ameshafungua mdomo kuita. Pole kwa Raho, ambaye amenunua saa ya ukutani na anasema haielewi.

Laban Mukhwana alikuwa msikilizaji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri. Visu alivyovisikiliza vinaisha. Vinatupwa, vinafungulia mikebe ya rangi, vinaozea mifukoni mwa makoti, na vinavyokuja mahali pake havina cha kusema. Lakini ninawaomba mfikirie jambo moja leo kabla hamjalala. Katika nyumba yako, je, kuna mtu anayekuwekea kitu mezani kila siku, na wewe unakirudisha kabatini? Na wewe mwenyewe, je, kuna neno unaloulizwa kila Jumapili, ukalijibu kwa jibu lilelile kwa sababu jibu la kweli litamuumiza mtu? Kaa nalo kidogo. Mimi pia ninakaa nalo.

Nilimwomba Nasambu aje studioni aseme machache juu ya baba yake. Alikataa. Alisema yeye si mtu wa kuongea. Nikamwambia hata mimi si mtu wa kuongea, ndiyo maana ninaongea nikiwa peke yangu ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alicheka kidogo. Jana mchana alikuja bila kutoa taarifa. Alikuwa na mkoba mmoja na kitambaa kilichofungwa fundo. Alikifungua kitambaa juu ya meza yangu, akauliza ni wapi pa kuongelea. Nilimwonyesha. Nikamuuliza angependa kuongea na nani. Akasema, na senge, na Baba. Sauti mtakayoisikia ni yake. Ile ya mwanzo ni kisu.

*Tak. Tak.*

"Senge. Ni mimi, Nasambu. Najua unasikiliza, nilimwomba jirani yako akufungulie redio. Senge, mimi siko sawa. Sikuwa sawa. Kila Jumapili nilikuwa nakudanganya, na ulikuwa unaniombea juu ya uongo. Nilimpenda Baba na nilitaka kwenda. Vyote viwili, siku moja, saa moja. Wajukuu wako nitakuja kuwaonyesha mahali pa kuteka maji na nitawaachia ufunguo kwa Raho. Sitakaa nao. Nikitoka hapa ninapanda gari la Kitale.

"Baba. Samahani nilichelewa. Nimekichukua."